Mchambuzi na mpiga debe: Historia fupi ya hasira zinazouzwa hewani

JUMA lililopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu aliinua mkono darasani akaniuliza, “Prof, hawa wachambuzi wa siasa tunaowaona kwenye runinga kila usiku wamesomea nini hasa?” Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu nimewahi kuitwa kwa jina hilo mimi mwenyewe, na jibu nililokuwa nalo halikuwa la kuchekesha. Nikamwahidi kwamba nitamjibu katika safu hii.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Kitenzi ‘chambua’ ni cha jikoni na cha shambani kabla ya kuwa cha studio. Mama huchambua mchicha kwa kutoa majani yaliyooza na mabua magumu. Unguja na Pemba, watu hukaa kwenye majamvi wakichambua karafuu, wakiondoa makonyo. Pamba huchambuliwa ili mbegu zitoke. Katika matumizi haya yote, anayechambua hukaa chini, hutumia macho na vidole, na hana haraka. Tena kazi yake ni ya kupunguza. Kinachobaki kwenye ungo huwa kidogo kuliko kilichokuwapo, lakini ni kisafi. Sisi wa fasihi tukalitumia neno hilo kwa kazi ya kuhakiki vitabu, na wenzetu wa vyombo vya habari wakalitumia kwa siasa.

Kuna neno jingine linalokaa karibu na hilo, nalo ni ‘mpiga debe’. Huyu ni yule wa kituo cha magari, anayeita abiria kwa sauti ya kukwaruza. Yeye hachambui lolote. Hakwambii kwamba gari lina pancha au kwamba dereva hakulala. Kazi yake ni kulijaza gari, na hulipwa likijaa. Ndiyo maana tunasema fulani anampigia debe mgombea fulani.

Debe hilohilo limetupa methali. Wengi siku hizi husema, “Debe tupu haliachi kuvuma.” Wazee waliotufunza walikuwa na nyingine: “Debe shinda haliachi kutika.” Wanafunzi hudhani ‘shinda’ hapo ni kitenzi cha ushindi. Sivyo. Shinda ni hali ya chombo ambacho hakikujaa, chenye maji nusu au robo. Debe lililojaa hutulia kichwani mwa mchotaji. Lililo shinda ndilo linalotikisika na kupiga kelele njia nzima. Mimi naiona methali hii kuwa na hekima kubwa kuliko ile ya debe tupu. Uongo mtupu hauvumi sana, maana watu huutambua. Kinachovuma ni nusu ya ukweli.

Sasa basi, upigaji debe unaovaa koti la uchambuzi una historia yake. Nchi ambayo historia hiyo imeandikwa kwa uwazi zaidi ni Marekani, kwa kuwa huko mahakama iliwalazimisha wenye kituo kutoa hadharani ujumbe waliokuwa wakiandikiana faraghani. Nitaanzia huko, kisha nitarudi nyumbani, kwa sababu nina deni la kulipa huku.

Mwaka 1926, padri Mkatoliki aliyeitwa Charles Coughlin, mzaliwa wa Kanada, alianza kuhubiri kupitia kituo cha redio cha WJR mjini Detroit. Mwanzoni vipindi vyake vilikuwa vya dini, tena vingine vya watoto. Kisha mwaka 1929 soko la hisa likaporomoka, watu wakapoteza kazi na akiba, na padri akagundua kwamba wasikilizaji walitaka kuambiwa nani kawatendea hivyo. Akawaambia: mabenki. Kulikuwa na ukweli fulani ndani yake, maana baadhi ya mabenki yalikuwa yamecheza na fedha za watu. Debe lilikuwa shinda. Kufikia miaka ya kati ya 1930, wasikilizaji wake walikadiriwa kuwa makumi ya mamilioni. Mwaka 1932 alimpigia debe Franklin Roosevelt. Muda si mrefu akamgeuka, akawa mpinzani wake mkali.

Lakini hasira ni kama pilipili. Kipimo cha jana hakimtoshi mlaji leo. Mabenki yakawa hayatoshi tena, na jina la adui likabadilika polepole hadi likawa Wayahudi. Mwaka 1938 jarida lake, Social Justice, lilichapisha zile nyaraka za kughushi zinazodai kwamba wazee wa Kiyahudi wanapanga njama ya kuitawala dunia. Gazeti la The Times la London lilikuwa limekwisha kuthibitisha tangu mwaka 1921 kwamba nyaraka hizo ni za uongo. Novemba mwaka huohuo wa 1938, siku chache baada ya Wanazi kuchoma masinagogi kote Ujerumani, padri alitoa hotuba ya redio iliyowalaumu Wayahudi kwa ukomunisti. Kituo cha WMCA cha New York kiliwaambia wasikilizaji papo hapo, hotuba ilipokwisha, kwamba msemaji alikuwa amekosea mambo ya hakika. Hotuba iliyofuata kikaikataa. Mwaka 1940 Coughlin alikuwa ametoka hewani, na mwaka 1942 askofu wake akamwamuru anyamaze kuhusu siasa.

Baada ya hapo Wamarekani waliweka uzio. Mwaka 1949 tume inayosimamia mawasiliano nchini humo, FCC, ilitoa kanuni iliyovitaka vituo vya redio na runinga kufanya mambo mawili: kuyazungumzia masuala muhimu kwa umma, na kuyatolea nafasi maoni yanayopingana kuhusu masuala hayo. Hoja ilikuwa kwamba masafa ya hewani ni machache na ni mali ya umma, hivyo aliyepewa leseni ni kama mlinzi tu wa mali ya wengine. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali hoja hiyo katika kesi iliyohusu kituo kidogo cha Red Lion, jimbo la Pennsylvania.

Nisije nikawapaka rangi nzuri watu wa kale. Kanuni hiyo ilitumiwa vibaya pia. Enzi za Kennedy na Johnson, watu wa chama cha Democratic waliitumia kuvisumbua vituo vilivyokuwa vikiwapinga, na vituo vingine viliamua kukwepa kabisa mambo yenye utata ili visisumbuliwe. Mwaka 1987 bunge la nchi hiyo lilitaka kuigeuza kanuni hiyo iwe sheria, Rais Reagan akakataa kutia sahihi, na Agosti mwaka huo FCC ikaifuta.

Kilichofuata kilitokana na biashara zaidi ya siasa. Muziki ulikuwa umehamia masafa ya FM yenye sauti safi, na vituo vya AM vilikuwa vikitafuta cha kujazia saa. Agosti 1988 mtangazaji Rush Limbaugh alianza kipindi kilichosambazwa nchi nzima. Kituo kilichokihitaji hakikulazimika kutoa fedha nyingi. Kilitoa sehemu ya muda wake wa matangazo ya biashara, na msambazaji akauza muda huo. Tazama hesabu inavyokwenda: bidhaa inayouzwa si hoja za mtangazaji bali masikio ya wasikilizaji, na masikio yaliyokasirika hayabadilishi stesheni. Mwaka 1996 vilizaliwa vituo viwili vya runinga ya kebo, MSNBC mwezi Julai na Fox News mwezi Oktoba. Kadiri miaka ilivyosonga, kimoja kikajulikana kwa kuegemea kushoto na kingine kulia. Wapo wanaodai kwamba kama ile kanuni ya 1949 ingebaki, haya yasingetokea. Hawakuchambua vizuri. Kanuni ile iliwafunga wenye leseni za hewani, haikuigusa kebo.

Tufike sasa Novemba 2020. Usiku wa uchaguzi, Fox News ilikuwa mbele ya wenzake kutangaza kwamba Joe Biden ameshinda Arizona. Dawati lake la takwimu lilikuwa sahihi, lakini wengi wa watazamaji wake walikuwa wafuasi wa Donald Trump, nao wakakasirika. Wengine wakahamia kituo kidogo zaidi cha Newsmax kilichokuwa kikiwaambia walichotaka kusikia. Hapo ndipo hofu ilipoingia ndani ya jengo. Katika wiki zilizofuata, wanasheria Sidney Powell na Rudy Giuliani walikaribishwa kwenye vipindi vya Fox wakadai kwamba mashine za kupigia kura za kampuni ya Dominion ziligeuza kura, na kwamba zilikuwa na asili ya Venezuela, kwa ajili ya kumwibia kura Hugo Chávez. Kampuni hiyo ilianzia Toronto. Jimbo la Georgia lilizihesabu upya kura zote za urais kwa mikono, si kwa mashine, na Biden akaonekana kashinda. Kesi zaidi ya 60 zilizofunguliwa na upande wa Trump na washirika wake karibu zote zilitupwa.

Mwezi Machi 2021 Dominion iliishtaki Fox katika jimbo la Delaware ikidai dola bilioni 1.6. Sheria ya huko ilimpa mdai haki ya kuona barua pepe na ujumbe wa simu wa mdaiwa. Alaa! Kumbe watu walewale waliokuwa wakiwakaribisha wageni wale, au waliokaa kimya huku wenzao wakiwakaribisha, walikuwa wakiandikiana kwamba madai ni upuuzi. Tucker Carlson, nyota wa saa mbili usiku, alimwandikia mwenzake kwamba Powell anadanganya. Mwanahabari mmoja wa kituo hichohicho alipoandika mtandaoni kwamba hakuna ushahidi wa mashine kugeuza kura, Carlson alitaka afutwe kazi, akalalamika kwamba hisa za kampuni zinashuka. Machi 2023 Jaji Eric Davis aliamua kwamba ilikuwa wazi kabisa kwamba madai kuhusu Dominion hayakuwa ya kweli. Tarehe 18 Aprili 2023, kesi ikiwa karibu kuanza kusikizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, Fox ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 787.

Somo linalotajwa mara nyingi kuhusu kesi hiyo ni kwamba mwongo alilipa. Mimi naona jingine. Tumezoea kudhani kwamba mpiga debe huwahadaa wasikilizaji wake. Nyaraka zile zinaonyesha kwamba aliwaogopa. Alijua ukweli, akajua pia kwamba akiusema watahamia kwingine. Hasira aliyoiwasha miaka 20 ilikuwa imekua ikawa bwana wake.

Niligeukie sasa jambo linalonihusu kitaaluma, yaani lugha inayofanya kazi hii. Mpiga debe stadi hasemi uongo kwa sentensi iliyonyooka. Ana njia tatu.

Ya kwanza ni kumficha mtenda. Kiswahili kina kitenzi ‘inasemekana’. Kitazame kisarufi. Tukisema “imesemwa”, hiyo ni kauli ya kutendwa, na unaweza kuniuliza “na nani?” nikakujibu “na Juma”. Lakini “inasemekana” iko katika umbo la kutendeka. Huwezi kusema “inasemekana na Juma”. Sarufi yenyewe inakataa. Mtenda hana kiti ndani ya sentensi hiyo. Neno lenyewe halina kosa, na mtu mwangalifu hulitumia kuonyesha kwamba hana hakika. Tatizo ni kwamba msikilizaji hulisahau neno hilo haraka na kubaki na kilicholifuata. Tena tuna methali inayokuja kulitetea: “Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.” Sijui kama kuna methali iliyotumiwa vibaya katika siasa zetu kuliko hiyo.

Njia ya pili ni swali. Swali halithibitishi wala halikanushi, kwa hiyo haliwezi kuitwa uongo. Lakini ukiuliza “Kwa nini kura zile zilihamishwa usiku?” umekwisha kuwaaminisha watu kwamba zilihamishwa. Wanaisimu huita jambo hilo kiangulizi: ukweli unaochukuliwa kuwa umekubalika kabla ya swali kuulizwa. Anayejibu swali kama hilo, hata kwa kulipinga, amekwisha kumeza chambo.

Ya tatu ni kujikinga kwa neno ‘maoni’. Septemba 2020 jaji wa shirikisho mjini New York aliitupa kesi ya kukashifiwa dhidi ya kipindi cha Carlson, akisema kwamba mtazamaji wa kawaida hangeyachukua maneno yaliyolalamikiwa kuwa taarifa ya mambo ya hakika bali kutia chumvi. Mwaka uliofuata, mahakama ya rufaa ya upande wa magharibi ilitoa uamuzi unaofanana na huo kuhusu Rachel Maddow wa MSNBC, anayesimama upande wa pili kabisa wa siasa. Kisheria huenda majaji walikuwa sahihi, kwani uhuru wa kutoa maoni ni mali ya thamani. Lakini ona pengo lililopo. Mahakamani, mtangazaji hutetewa kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeyachukua maneno yale kama habari. Sebuleni, watu wenye akili zao timamu huyachukua hivyo kila usiku.

Sasa nirudi nyumbani, maana nimesema nina deni.

Sisi tuliokua na Sauti ya Kenya tunakumbuka enzi ya sauti moja. Redio ilisema, nasi tukasikiliza. Miaka ya 1990 milango ikafunguliwa. Capital FM ilianza 1996, na Kameme FM, kituo cha kwanza cha binafsi cha lugha ya kienyeji, kikaanza mwaka 2000. Nilishangilia. Nilikuwa nikifundisha kwamba lugha zetu zina uwezo wa kubeba mambo yote ya dunia, na hapo zilikuwa zimeanza kuyabeba. Vipindi vya asubuhi vya kupiga simu vikawa baraza la taifa. Nakiri kwamba sikufikiria upande wa pili: baraza lina wazee wa kumkatiza mropokaji, na studio ina mtu anayehesabu simu zilizoingia.

Jumamosi tarehe 29 Desemba 2007, siku mbili baada ya kura kupigwa, kituo kimoja kilinialika studioni katika mji niliokuwa nikiishi, kule Bonde la Ufa. Sitakitaja, maana kosa ninalolisimulia ni langu. Matokeo yalikuwa yakichelewa na nchi nzima ilikuwa imeshika roho mkononi. Nilizungumza kwa dakika kumi kuhusu katiba na sheria ya uchaguzi. Wakati wa matangazo ya biashara mtangazaji akaniinamia akasema, “Prof, laini zimelala. Tupatie moto kidogo.”

Tuliporudi hewani nikasema hivi: “Inasemekana kuna masanduku yaliyosafirishwa usiku kwa njia isiyoeleweka. Mimi sisemi ni kweli. Nauliza tu, kwa nini usiku?” Aliyenisimulia habari hiyo alikuwa dereva wa teksi iliyonileta studioni, naye kaisikia kwa mwenzake. Taa za simu zikawaka zote. Mtangazaji akaniinulia kidole gumba. Sitadanganya: nilifurahi.

Jioni nilipita dukani mtaani petu kununua maziwa. Vijana wawili walikuwa wakibishana kwenye kaunta. Mmoja akamwambia mwenziwe, “Wewe unabisha nini? Profesa mwenyewe amesema leo kwa redio kwamba kura zimeibwa.” Nilisimama pale na pakiti yangu mkononi. Sikuwa nimesema hivyo. Sentensi yangu ilikuwa na “inasemekana”, ilikuwa na “mimi sisemi”, ilikuwa na alama ya kuuliza. Vyote hivyo vilikuwa vimedondoka njiani kati ya studio na duka. Mwenye duka, ambaye hakuwa wa kabila la vijana wale wala la kwangu, alinitazama akangoja niseme neno. Nililipa nikaenda zangu.

Kesho yake, Jumapili, mshindi akatangazwa. Siku mbili baadaye duka lile lilichomwa. Mwenyewe na familia yake walikimbilia kituo cha polisi, wakakaa huko majuma kadhaa. Moto ule haukuwashwa na sentensi yangu peke yake. Wakati huo mji wote ulikuwa umejaa sentensi kama yangu, na kulikuwa na dhuluma za ardhi na za siasa zilizolimbikizwa kwa miongo. Lakini najua kwamba nilikuwa na nafasi ya kuchambua mbele ya watu wawili tu dukani, na sikuitumia. Mzee huyo alirudi mwaka 2009 akajenga upya. Hajawahi kuniuliza, nami sijawahi kumwambia. Kama bado anasoma gazeti hili, basi leo amejua.

Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia zile, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tume ya Jaji Philip Waki, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, ilivitaja vituo vya redio vya lugha za kienyeji miongoni mwa vilivyochochea uhasama. Wengi wa waliosikika hewani hawakuwa wakitoa amri ya kuua. Walitumia mafumbo. Neno ‘madoadoa’ ni la nguo na la ng’ombe, halina hatia yoyote katika kamusi. Lakini ukiwaambia watu waondoe madoadoa katika eneo lao wakati wa uchaguzi, kila mmoja anajua doa ni nani. Neno hilo lilivuma tangu ghasia za miaka ya 1990, likarudi 2007, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya uchochezi. Fumbo, kama swali, humwachia msemaji mlango wa nyuma: “Mimi nilisema madoadoa tu, nyinyi ndio mliosikia watu.”

Je, dawa ni serikali kuvifunga vinywa? Tumejaribu. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku. Uvumi haukufa, ulihamia kwenye ujumbe mfupi wa simu, ambako hapakuwa na mhariri hata mmoja. Januari 2018 serikali ilizima runinga kadhaa kwa sababu ya hafla ya kumwapisha Raila Odinga, na mahakama ikabidi iingilie. Mkono unaozima uchochezi leo ndio utakaozima ukweli kesho.

Je, dawa ni mahakama? Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 33, inasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza haukusanyi uchochezi wala matamshi ya chuki. Ni jambo jema. Lakini sheria hufika moto umekwisha kula. Mtangazaji mmoja wa redio alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusiana na ghasia zetu, na Aprili 2016 kesi ikakatizwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha, bila yeye kutiwa hatiani. Hata kule Marekani, tazama nani alilipwa mapema: kampuni yenye mawakili na vitabu vya hesabu vinavyoonyesha hasara. Mama na binti yake waliokuwa wakihesabu kura Georgia, ambao Giuliani aliwazulia kwamba walighushi kura, walitishiwa maisha kwa miaka mitatu kabla ya baraza la wazee wa mahakama kuwapa dola milioni 148 mwezi Desemba 2023. Na kupewa hukumu si kupewa pesa. Mwenye duka wa mtaani petu angemshtaki nani? Sentensi isiyo na mtenda?

Ndiyo maana naona kwamba kazi kubwa inabaki kwa masikio yetu, na kwa walimu wa lugha. Tunawafundisha watoto kunyambua vitenzi ili wapite mtihani: tenda, tendwa, tendeka, tendana. Tungewafundisha pia kwamba kila kauli ina kazi yake barazani. Mtoto anayejua kwamba “inasemekana” haina mtenda atazoea kuuliza, “Nani kasema? Lini? Naye kajuaje?” Anayejua kiangulizi ni nini hatalijibu swali la hila, atalikataa kwanza. Maswali hayo matatu hayahitaji shahada. Nyanya yangu hakusoma, lakini ukimletea umbea alikuwa akikuuliza, “Ulikuwapo?” Ukisema hukuwapo, anarudi kwenye maharagwe yake.

Na wewe msomaji, ukitaka kumjua mchambuzi na mpiga debe hawatambuliki kwa tai wala kwa cheo. Msikilize mtu kwa nusu saa, kisha ujipime. Ukiona mambo uliyokuwa nayo yamepungua, makapi yametoka na kilichobaki ni kidogo lakini unakielewa, huyo alikuwa akichambua. Ukijikuta umejaa, unahema, na unamtafuta jirani wa kumkasirikia, basi umepandishwa gari. Uliza linakwenda wapi kabla halijang’oa nanga, na uliza nani analipwa likijaa.

Kwa mwanafunzi wangu: umeniuliza wamesomea nini. Wengine wamesoma sana. Mimi nilikuwa na shahada ya uzamifu siku ile studioni, na haikunizuia kupiga debe. Shahada haikwambii unyamaze wakati laini zimelala. Hilo nilijifunza dukani, nimechelewa, na pakiti ya maziwa mkononi.